MTOTO KABLA YA KUTIWA CHUONI

Katika darasa zetu za usiku wazazi hutuuliza mara kwa mara swali hili: "Mwanangu ana miaka mitatu, nimtie chuoni sasa au ningoje?" Wengine huuliza ni skuli ipi iliyo bora kwa mtoto wa PP1, na ada yake ni kiasi gani, na je, akimaliza mwaka atajua kusoma? Maswali haya ni mema, na mwenye kuyauliza ni mtu mwenye uchungu na mwanawe. Lakini ni nadra sana kumsikia mzazi akiuliza: "Je, mtoto huyu amekwisha jifunza nini kwangu mimi?" Mtoto hafiki chuoni akiwa ubao mtupu. Siku anapovuka kizingiti cha mwalimu, yeye amekwisha soma miaka mitatu au minne katika chuo kingine, nacho ni nyumba yao. Na walimu wake ni mama, baba, nyanya, na kila aliyekuwa akiingia na kutoka humo. Huko amesomeshwa jambo moja lililo kubwa kuliko alifu na be, nalo ni hili: je, maneno ya watu wazima ni ya kuaminiwa, au si ya kuaminiwa?

Mtaani kwetu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, palikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne na kitu, aliyekuwa akilala na nyanya yake. Nyanya ndiye aliyemwosha na kumlisha, na kila usiku alimtolea hadithi mpaka usingizi umchukue. Usiku mmoja yule bibi akafariki. Mtoto akapelekwa kwa jirani, na aliporudi alikikuta kitanda cha nyanya kimekunjwa godoro. Wakubwa walikuwa wamekwisha shauriana, wakaona kuwa ni huruma kumfichia. Wakamwambia, "Nyanya amekwenda Lamu." Akauliza, "Atarudi lini?" Wakamwambia, "Ijumaa." "Ataniletea halua?" "Atakuletea."

Basi Ijumaa ilipofika, mtoto akavaa kanzu yake na kofia, akaenda akakaa juu ya baraza la mawe nje ya mlango, akingoja. Na Ijumaa ya pili kadhalika, na ya tatu, na ya nne. Sisi tuliokuwa tukipita kwenda msikitini tulimwona, tukamshika kichwa na kumsifu kwa kanzu yake, wala hapana hata mmoja wetu aliyemwambia neno. Ijumaa ya tano mtoto mkubwa wa kichochoroni akamwambia: "Nyanya yako amekufa, amezikwa Kikowani." Hakulia. Aliingia ndani akamwuliza mama yake, "Nyanya yuko Lamu?" Na mama, kwa kushtuka na kumwonea imani, akajibu, "Ndiyo, yuko Lamu."

Tangu siku hiyo mtoto yule aligeuka. Mama akitaka kwenda Marikiti, yeye hulishika buibui lake na kupiga mayowe. Usiku halali ila ameikamata nguo ya mama kwa mkono. Akiambiwa chai ni ya moto, hutia kidole apate kuhakikisha mwenyewe. Alipopelekwa chuoni alilia kutwa akiutazama mlango. Watu wakasema ana jini, akaandikiwa makombe, akafukizwa, akafungwa hirizi mkononi. Fedha zikaenda, na mtoto akabaki vile vile. Kwani ugonjwa wake haukuwa wa jini. Alikuwa ameambiwa uwongo na watu wote aliowapenda, naye alikuwa ameujua.

Baba yake alikuja barazani kwetu baada ya Magharibi kutaka shauri. Tutarudi kwake baadaye. Kwanza natutazame ni mara ngapi sisi nasi twayafanya hayo kwa mambo madogo madogo ambayo hata hatuyahisabu.

Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Amir kwamba siku moja, yeye akiwa mtoto, Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa amekaa nyumbani kwao. Mama yake akamwita aje apate kumpa kitu. Bwana Mtume akamwuliza yule mama amekusudia kumpa nini, naye akajibu kuwa ni tende. Ndipo alipomjulisha kwamba lau asingempa kitu, angaliandikiwa uwongo. Tazama, ndugu msomaji, jambo lenyewe ni tende, na mwenye kuitwa ni mtoto mdogo ambaye pengine angalisahau kabla ya kugeuka. Wala haikusemwa kwamba, "Huyo ni mtoto tu."

Sasa tujitazame wenyewe. "Nyamaza, zimwi linakuja." "Ukilia nitamwita polisi akuchukue." "Pipi zimekwisha," na hali mfuko wa pipi uko juu ya kabati naye auona. "Natoka hapa mlangoni tu, narudi sasa hivi," kumbe mtu aenda arusini mpaka usiku. "Usipokula, daktari atakudunga sindano." Maneno haya huyapenda sana, kwa kuwa hufanya kazi saa ile ile: mtoto hunyamaza, hula, hulala. Lakini kila neno lina deni lake, na deni la daktari hulipwa siku mtoto anapougua kweli. Mimi nimemwona mtoto wa kike mwenye homa kali akiwashinda nguvu watu watatu mlangoni pa zahanati, na mama yake akimbembeleza, "Daktari ni mtu mwema, hatakufanya kitu." Vipi amwamini, naye ametishwa kwa huyo huyo daktari kila mlo kwa muda wa miaka miwili?

Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliyaandika haya katika Muqaddima yake. Alisema kuwa mwanafunzi alelewaye kwa ukali na kulazimishwa, khasa akiwa mtoto mdogo, moyo wake hubanwa na uchangamfu humtoka, na huingia katika uwongo na hila ili auepuke mkono wa mwenye kumpiga. Kisha uwongo ule huwa ndio tabia yake. Twashangaa mtoto wa miaka sita amejifunzia wapi kudanganya. Amejifunza kwa hofu, na amejifunza kwa kutusikiliza.

Mtu aweza kusema: "Sawa, hayo ni mambo ya adabu, lakini yana uhusiano gani na kusoma?" Yana uhusiano mkubwa. Siku ya Idi nenda pale Makadara umtazame mtoto wa miaka mitatu. Atamwacha mama yake aende hatua kumi kuyatazama mabofu ya rangi, kisha ageuke kuangalia kama mama bado yupo. Akimwona, huenda hatua ishirini. Asipomwona, husahau mabofu na kila kitu, akalia. Daktari wa Kiingereza aitwaye John Bowlby, aliyeiandikia Shirika la Afya Duniani taarifa yake mashuhuri juu ya watoto mwaka 1951, aliutumia umri wake mwingi kulieleza jambo hili: mtoto huthubutu kwenda mbali na kuchungua mambo mapya kwa kadiri anavyokuwa na hakika ya mtu wa kumrudia. Basi mtoto anayeshughulika kumlinda mama yake asitoroke, akili yake haina nafasi ya kuitazama alifu. Mwalimu atasema, "Huyu ni mzito." Naye si mzito; yuko kazini, kazi ya ulinzi.

Jambo la pili ambalo mtoto hujifunza kwetu ni kuujua moyo wake mwenyewe. Lugha yetu ya Kiswahili ni tajiri sana katika mlango huu. Tuna kukasirika, kununa, kususa, kudeka, kuona haya, kuona wivu, kusikitika, kufadhaika na kufa moyo. Na kila moja ni hali mbali. Lakini mtoto wetu twampa majina mawili tu: akitulia ni "mtoto mzuri," na akilia kwa lolote ni "mkorofi." Mtoto wa miaka minne huhisi ndani yake moto asioujua jina, na asiyejua jina la kitu hawezi kukisema, basi hukitoa kwa meno na mateke. Mama akiinama akamwambia, "Umekasirika kwa kuwa kaka yako amekunyang'anya gari lako," huwa amempa jina, na mara nyingi hilo peke yake humtuliza nusu. Hatusemi kwamba apewe gari, wala hatusemi aachwe ampige kaka yake. Mkono wake ushikwe, aambiwe kwa sauti ya chini lakini thabiti kuwa hapigwi mtu humu nyumbani. Hasira haikuwa kosa. Kupiga ndilo kosa, na mtoto aweza kulifahamu hilo iwapo anayemwambia mwenyewe hamrushii kofi wakati ule ule.

Wako watakaoona kuwa haya ni mambo ya kisasa ya kudekeza watoto. Hao nawamkumbuke Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas, aliyekuwa na kidege chake cha kuchezea, na kidege kikafa. Bwana Mtume (S.A.W.), pamoja na shughuli zote za umma zilizokuwa juu yake, alimwuliza mtoto yule khabari za kidege chake, kwa maneno yenye vina ya kumliwaza. Alikiona kilio cha mtoto kuwa ni kilio. Nao baba zetu wanaomwambia mtoto wa kiume kwamba mwanamume halii, nawakumbuke kwamba Bwana Mtume alitoka machozi alipokuwa akifa mwanawe Ibrahim, na masahaba wakamwona. Na al-Aqra bin Habis, aliyejisifu kuwa ana watoto kumi wala hajapata kumbusu hata mmoja, hakusifiwa kwa hilo.

Natuje sasa kwenye masomo yenyewe. Wazazi wengi hudhani kuwa kumfundisha mtoto mdogo kwataka vitabu vya picha na vitu vya plastiki vya bei ghali. Katika miaka ya 1980 ulianzishwa hapa Mombasa mpango wa madrasa za watoto wadogo, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ukaenea baadaye Zanzibar na Uganda. Walimu wake, wengi wao wakiwa wanawake wa mitaa hii hii, walifundishwa kutumia makombe ya pwani, vifuu vya nazi, mbegu na vifuniko vya chupa. Mtoto huvipanga, huvihesabu, huvitenga vikubwa na vidogo. Ni vitu ambavyo twavitupa jaani.

Nyumbani vitu hivyo ni vingi zaidi. Mama anapochagua mchele, mtoto nakae mbele ya ungo achague naye. Macho yake na vidole vyake vinajifunza kazi ile ile watakayoitaka siku ya kushika kalamu. Anapokuna nazi, naulizwe ni ipi yenye maji mengi, wamtikisie asikie. Wakati wa futari nazigawe tende: tatu za baba, tatu za mama, tatu za dada, hiyo ni hesabu, na ni insafu vile vile, kwani ataziona zikipungua naye bado hajapata yake. Baba anaporudi na samaki, naamwambie huyu ni changu, huyu ni tafi, huyu ni pono, wala asiseme "samaki" tu. Katika feri ya Likoni nawahesabu magari yanayoingia, na waulizane ni kwa nini chombo kizito namna ile hakizami. Na lau baba hajui, naaseme, "Sijui, tutamwuliza fulani anayefanya kazi bandarini," kisha kweli wakamwulize. Mtoto atajifunza kwamba kutojua si aibu na kwamba swali lina mahali pa kupelekwa. Hicho ndicho chanzo cha elimu zote.

Nakubali kuwa kazi itachelewa. Mtoto atamwaga mchele na kuvunja kikombe. Mama mwenye haraka atamwambia, "Ondoka hapa, waniudhi," na ana udhuru wake, kwani kazi za nyumba ni nyingi na mchana ni mfupi. Lakini nachague japo kazi moja kwa siku, iwe ndiyo kazi ya wote wawili. Umar bin Abi Salama alisimulia kwamba alipokuwa mtoto mkono wake ulikuwa ukizunguka kila upande wa sahani. Bwana Mtume akamwelekeza kwa maneno machache: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Naye asema kuwa hivyo ndivyo alivyokula tangu siku hiyo. Somo lile lilifanyika juu ya chakula, wakala pamoja, pasina kelele.

Na katika hayo yote, semeni naye Kiswahili, na semeni naye kwa ukamilifu. Umezuka mtindo wa wazazi kumsemesha mtoto Kiingereza cha kuokoteza, "come," "sit," "don't," kwa tamaa ya skuli. Basi mtoto akaamriwa kwa lugha moja na kulia kwa nyingine. Mtoto akitolewa hadithi kila usiku kwa lugha ya mama yake, akajibu "Pakawa" na kungojea lijalo, Kiingereza kitamjia kwa wakati wake bila ya taabu. Hata siasa ya elimu ya Kenya yataka madarasa ya mwanzo yasomeshwe kwa lugha ya eneo.

Ama simu, siku hizi ndiyo yaya wa nyumba nyingi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa nasaha kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora; na kwamba ahitaji saa tatu za kwenda mbio na kucheza, na usingizi wa saa kumi mpaka kumi na tatu. Hayo hayasemi yote. Ubaya wa simu ninaouona mimi ni kuwa haimjibu. Mtoto akiionyesha kidole na kusema "paka!" haimwambii, "Ndiyo, na mkia wake uko wapi?" Na mtoto anayepewa simu kila anapolia hajifunzi kulitoka lile alilokuwa akililia.

Wako pia wazazi wa upande wa pili, wenye pupa ya elimu. Hao humtoa mtoto wa miaka mitatu skuli asubuhi, wakampeleka chuoni mchana, na jioni kwa mwalimu wa ziada, kwa fahari ya kuwa ahifadhi sura kadha wa kadha. Imam Ghazali katika Ihya aliagiza kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mwema wa kumpumzisha, kwani kumzuilia mchezo na kumtaabisha daima kwa masomo huuua moyo wake, na humfanya atafute hila za kukimbia. Na Sala yenyewe, iliyo nguzo ya dini, wazazi wameamrishwa kuwaamuru watoto wao wanapofika miaka saba. Kabla ya hapo mtoto husimama pembeni mwa baba yake akarukuu upande upande, akacheka, akaondoka. Na aliye bora kuliko sisi alirefusha sijida mjukuu wake alipompanda mgongoni, asimharakishe kushuka. Basi haraka hii yetu tumeitoa wapi?

Turudi kwa yule baba. Mzee mmoja katika darasa yetu alimwambia, "Vua hirizi, kamwambie mtoto kweli." Naye, ingawa aliogopa, alikwenda akamketisha mwanawe mkekani na kumwambia: "Nyanya alikufa. Mwili wake haupumui tena, hauumwi wala hauoni njaa, na roho yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Hawezi kurudi. Sisi tulikwambia yuko Lamu, na haikuwa kweli. Tulikosea." Mtoto akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Huko nani anampa maji?" Baba akamjibu kuwa nyanya hahitaji maji sasa, ila ahitaji dua, naye aweza kumwombea. Ndipo alipolia, akalia mpaka akalala. Asubuhi walikwenda pamoja Kikowani, akaonyeshwa kaburi.

Asidhani mtu kwamba alipona siku ile. Ilichukua miezi. Wazazi wake walijitilia sharti kwamba hapana mtu atakayetoka nyumbani humo kwa kumtoroka, hata akilia vipi. Mtoto wa umri ule hajui saa, lakini ajua adhana. Basi mama akitaka kwenda Marikiti humwambia, "Nitarudi kabla ya Adhuhuri," na baba humwambia, "Nitarudi baada ya Alasiri," nao wakarudi. Siku za mwanzo alilia kama desturi yake. Kisha akaanza kukaa dirishani akisikiliza.

Mwaka uliofuata akapelekwa chuoni mara ya pili. Mama yake hakujificha wala hakungoja ageuke. Aliinama mbele ya watoto wote akamwambia, "Ukisikia adhana ya Adhuhuri nitakuwa hapa mlangoni." Mtoto alilia kidogo, mwalimu akamweka karibu yake, akampa ubao. Na mwadhini alipoanza, kabla hajamaliza, mama alikuwa amesimama kizingitini.